Anthony Allison: Mtafiti wa Gilgil aliyefumbua fumbo la damu na malaria

ANAYESAFIRI kutoka vilima vya Mbooni, kwenye baridi na ukungu, akiteremka hadi Wote kisha Makindu na hatimaye Mtito Andei, hushuka kimo cha zaidi ya mita 1,000 kabla ya jua kutua. Njiani hubadilika miti, hubadilika mazao ya mashambani, na hubadilika pia idadi ya mbu. Hali ni iyo hiyo kwa anayetoka vilima vilivyo karibu na mji wa Kitui akielekea mashariki hadi nyika zinazopakana na Mto Tana.

Ni tofauti za namna hii, za kimo, joto na mvua, zilizomwezesha daktari mmoja aliyelelewa katika shamba la Gilgil kutatua swali lililokuwa likiwasumbua wataalamu wa nchi nyingi. Swali lenyewe lilikuwa hili: kwa nini ugonjwa wa damu unaowaua watoto kabla ya kufikia umri wa kuzaa unaendelea kurithishwa, kizazi baada ya kizazi, katika baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki, ilhali katika sehemu nyingine jirani hauonekani kabisa?

Daktari huyo ni marehemu Anthony Clifford Allison. Jina lake limo katika vitabu vya baiolojia vinavyosomwa kote ulimwenguni, ingawa nchini Kenya, alikolelewa na alikofanyia kazi iliyompa sifa, ni wachache wasiokuwa wanasayansi wanaolitaja.

Allison alizaliwa Agosti 21, 1925 katika mji wa East London, Afrika Kusini. Angali mdogo, wazazi wake walihamia Kenya, wakafanya kilimo katika nyanda za juu za Gilgil zinazotazama Bonde la Ufa. Ulikuwa ule ukanda uliotengewa walowezi wa Kizungu, na haifai kusimulia maisha yake bila kulitaja jambo hilo, kwa maana nafasi ya kusoma na kusafiri aliyoipata hakuipata mtoto wa Mkamba au wa Mkikuyu wa rika lake. Hata hivyo, utoto huo ulimpa mazoea ya kutazama ndege, wanyama na watu kwa makini. Si mbali na kwao kuna Kariandusi, mahali ambapo Louis Leakey alifukua zana za mawe za binadamu wa kale, na habari za asili ya mwanadamu zilimvutia kijana huyo mapema.

Alisomea sayansi ya tiba katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kisha akaenda Oxford, Uingereza, kukamilisha masomo ya udaktari na ya utafiti. Alikuwa amesoma kwa bidii maandishi ya wanasayansi waliojaribu kueleza kwa hesabu jinsi viumbe vinavyobadilika kizazi hata kizazi. Kilichokosekana katika maandishi hayo ni mfano hai wa mwanadamu. Ilikuwapo mifano ya nzi na ya nondo. Wa binadamu haukuwapo.

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Oxford kilituma kundi la watafiti Mlima Kenya. Wenzake walikwenda kukusanya mimea na wadudu. Allison, aliyekuwa bado mwanafunzi, aliamua kukusanya damu ya watu.

Nia yake ya awali ilikuwa kulinganisha makundi ya damu ya jamii mbalimbali ili kujua uhusiano wao wa kale. Hilo lilikuwa jambo la kawaida wakati huo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1952 kwa ushirikiano na wataalamu wengine, miongoni mwao Arthur Mourant wa London. Lakini alipokuwa akipima, aliongeza kipimo kimoja zaidi: alichukua tone la damu, akalichanganya na kemikali inayoondoa oksijeni, akalitazama kwa hadubini kuona kama chembe nyekundu zingepinda na kuwa na umbo la mundu.

Umbo hilo lilikuwa limejulikana tangu 1910, wakati James Herrick, daktari wa Chicago, alipochapisha habari za kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisumbuliwa na upungufu wa damu na ambaye chembe zake zilionekana nyembamba na zilizopinda. Katika mwaka ule ule wa 1949, Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kwamba kasoro iko katika himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Mwaka huo huo pia ilithibitishwa kwamba mgonjwa hurithi jeni mbovu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, na kwamba aliyerithi jeni moja tu huishi bila dalili.

Kwa hivyo Allison hakuwa mtu wa kwanza kuiona seli mundu. Sifa yake ni kuuliza inapatikana wapi, na kwa nini huko.

Matokeo yalimshangaza. Miongoni mwa jamii za pwani na zile za kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji wa jeni hiyo. Katika nyanda za juu na maeneo makavu ya katikati, hawakufika hata mmoja katika 100.

Wakati huo maelezo yaliyopendwa na wengi yalikuwa ya kikabila. Watafiti waliokuwa Uganda walikuwa wamepata viwango vilivyotofautiana sana kati ya jamii moja na nyingine, na wakaviona kuwa alama ya asili ya jamii hizo. Allison alipoitazama Kenya, maelezo hayo hayakumkaa. Wagiriama na Wakikuyu huzungumza lugha za Kibantu, lakini damu zao zilitofautiana kabisa katika jambo hili. Waluo huzungumza lugha ya Kinailoti isiyohusiana na Kigiriama, lakini katika jambo hili walifanana na Wagiriama. Hapakuwa na ukoo wa lugha wala wa kabila ulioweza kufunga hesabu hiyo.

Kilichowaunganisha watu wa pwani na wa ziwani kilikuwa malaria.

Msomaji wa Ukambani anaweza kuielewa hoja hii bila kuwa mwanasayansi. Kitui na Makueni ziko katikati ya pande hizo mbili. Si nyanda za juu zenye baridi, wala si pwani yenye unyevu wa mwaka mzima. Mbu wa malaria hustawi baada ya mvua, hasa zile za Oktoba hadi Desemba ambazo wakulima wa huko huzitegemea zaidi, kisha hupungua ardhi inapokauka. Wizara ya Afya huweka maeneo ya namna hiyo katika kundi la malaria ya msimu, tofauti na maeneo ya ziwa na ya pwani ambako ugonjwa huo haupumziki. Kwa mujibu wa hoja ya Allison, mahali ambapo malaria huja na kuondoka, jeni ya seli mundu haipati sababu ya kutosha ya kuongezeka.

Allison alikuwa na wazo, lakini hakuwa na ushahidi. Alirejea Oxford, akamaliza masomo ya udaktari mnamo 1952, kisha mwaka 1953 akarudi Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kutokana na vita vya Mau Mau.

Uchunguzi wa kwanza aliufanya kwa watoto wa Buganda, nchini Uganda. Alichagua watoto kwa sababu mtu mzima aliyekulia kwenye malaria huwa amejenga kinga yake mwenyewe, na kinga hiyo ingeficha mchango wa jeni. Alipima watoto 290. Kati yao 43 walikuwa wabebaji wa seli mundu, na 12 katika hao walikuwa na vimelea vya malaria kwenye damu. Waliosalia 247 hawakuwa na jeni hiyo, na 113 miongoni mwao walikuwa na vimelea. Kwa asilimia, ilikuwa takriban 28 dhidi ya 46.

Uchunguzi wa pili ndio unaomfanya msomaji wa leo akunje uso. Allison aliwatafuta wanaume 30 Waluo waliokubali kujitolea. Kumi na tano walikuwa na jeni ya seli mundu na 15 hawakuwa nayo. Wote walikuwa wamekaa mbali na maeneo ya malaria kwa angalau miezi 18. Kisha waliambukizwa malaria kwa makusudi, wengine kwa damu yenye vimelea na wengine kwa kuumwa na mbu, wakafuatiliwa kwa siku 40. Miongoni mwa 15 wasiokuwa na jeni, 14 walipatwa na vimelea. Miongoni mwa 15 wenye jeni, ni wawili tu.

Wanaume hao walitibiwa baadaye. Lakini walikuwa raia wa koloni, na aliyewaomba damu na mwili alikuwa Mzungu mwenye shahada ya Oxford. Kanuni za Nuremberg kuhusu ridhaa ya mtu anayefanyiwa majaribio zilikuwa zimeandikwa mwaka 1947. Azimio la Helsinki lilikuwa bado miaka 11 mbele. Leo hakuna kamati ya maadili ingeidhinisha jaribio la 1953 kwa namna lilivyofanywa. Majina ya wanaume hao 30 hayamo katika vitabu vinavyomsifu Allison, ingawa bila wao hoja yake ingebaki kuwa dhana.

Aidha, Allison alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akipima maelfu ya watu wa jamii nyingi, akaweka viwango vya seli mundu juu ya ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha makala tatu zilizobeba matokeo yote haya. Alikuwa hajatimiza umri wa miaka 29.

Maelezo yake yalikuwa mepesi kwa namna ambayo iliwatia watu shaka. Mtoto aliyerithi jeni mbili za seli mundu huugua sana, na zamani wengi hawakuishi. Mtoto asiyerithi hata moja yuko katika hatari kubwa ya kuuawa na malaria. Mtoto aliyerithi moja huponea pande zote mbili, hukua, huoa au huolewa, na huirithisha. Malaria inapokuwa kali, hasara ya wale wanaokufa kwa seli mundu hufidiwa na faida ya wale wanaopona malaria. Inapokuwa haipo, faida hutoweka na jeni hupungua polepole.

Upinzani haukukosekana. Huko Marekani, watafiti waliorudia jaribio la kuwaambukiza watu waliojitolea hawakuona kinga yoyote, na wataalamu kadhaa waliokuwa Afrika walisema idadi ya watu aliowapima ilikuwa ndogo mno. Ilichukua miaka mingi ya uchunguzi wa watoto wa Afrika kabla ya mjadala kutulia. Uthibitisho mzuri zaidi ulitoka papa hapa Kenya: mwaka 2005 watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi walionyesha kwamba wabebaji wa jeni moja ya seli mundu wana kinga ya takriban asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Allison hakuishia hapo. Seli mundu ni njia moja tu ya chembe nyekundu kuharibika kabla ya wakati wake, na alitaka kujua kama zilikuwapo nyingine zenye uhusiano na malaria.

Hapa inafaa kueleza kidogo. Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya huishi takriban siku 120, kisha huvunjwa na wengu na ini, na nyingine huundwa kwenye uboho wa mifupa. Upungufu wa damu unaweza kutokea kwa sababu chembe haziundwi za kutosha, kama vile mtu anapokosa madini ya chuma. Au kwa sababu damu inamwagika. Au kwa sababu chembe zinavunjwa haraka kuliko zinavyoundwa. Aina hii ya tatu ndiyo iliyomshughulisha Allison. Katika seli mundu, chembe huishi siku 10 hadi 20 tu.

Mwaka 1956 iligunduliwa nchini Marekani kwamba baadhi ya watu waliomeza dawa ya malaria ya primakwini walipungukiwa damu ghafla kwa sababu chembe zao zilikosa kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi G6PD. Kimeng'enya hicho huikinga chembe dhidi ya sumu zinazotokana na oksijeni. Kikikosekana, mtu huweza kuishi miaka na mikaka bila kujua, hadi siku atakapomeza dawa isiyomfaa au kupatwa na maambukizi makali. Kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, wavulana huathirika zaidi kuliko wasichana.

Mnamo 1960 Allison alichapisha matokeo ya uchunguzi wa upungufu huo miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata, akishirikiana na David Clyde aliyekuwa Tanganyika, akaonyesha kwamba watoto wenye upungufu huo walikuwa na vimelea vichache vya malaria. Kwa mara nyingine tena, kasoro ya damu ilikuwa na upande wa faida.

Somo hilo halijachakaa. Mwaka 2008 dawa ya malaria iliyochanganya klorproguanili na dapsoni, iliyokuwa imetumika katika nchi kadhaa za Afrika, iliondolewa sokoni baada ya kudhihirika kwamba iliwavunjia damu wagonjwa wenye upungufu wa G6PD.

Ukambani una historia yake ya damu kuvunjika. Wamisheni wa Kiskoti waliofika Kibwezi mwaka 1891 wakiongozwa na James Stewart walisumbuliwa mno na homa, na mwaka 1898 misheni hiyo ikahamishiwa Kikuyu, penye baridi. Katika miaka hiyo Wazungu wengi waliokaa Afrika ya kitropiki waliogopa kuliko homa nyingine zote ile iliyogeuza mkojo kuwa mweusi. Ilihusishwa na malaria ya mara kwa mara pamoja na kwinini iliyomezwa bila mpango. Weusi wenyewe ulikuwa himoglobini iliyomwagika kutoka kwenye chembe zilizopasuka na kupita kwenye figo, na mara nyingi figo ndizo zilizoshindwa kwanza.

Kwa mzazi wa Mutomo au wa Kathonzweni leo, urithi wa kazi ya Allison unaonekana pale mtoto anapofikishwa hospitali akiwa amepauka, macho yana umanjano na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Dalili hizo tatu zikiwa pamoja humwambia mhudumu wa afya kwamba damu inavunjika, si kwamba imekosa madini tu. Wengu ukiwa umevimba, shaka hupungua zaidi.

Hatua ya kwanza ni kupima malaria, kwa sababu katika msimu wa mvua ndiyo sababu ya karibu zaidi na ndiyo inayoua haraka. Kosa ni kuishia hapo. Malaria ikipatikana haimaanishi kwamba hakuna kingine, hasa ikiwa mtoto huyo huyo amewahi kuongezewa damu, au amewahi kuvimba vidole vya mikono na miguu akiwa na umri wa miezi kadhaa, jambo ambalo ni dalili ya mapema ya seli mundu.

Maabara ina mambo ya kutazama. Kiwango cha himoglobini huonyesha ukubwa wa upungufu, lakini hakisemi chanzo. Chembe changa, zile ambazo zimetoka kwenye uboho muda mfupi uliopita, zikiwa nyingi kupita kiasi, ni ishara kwamba mwili unajitahidi kufidia zinazopotea. Bilirubini, ile rangi ya manjano itokanayo na himoglobini iliyovunjwa, hupanda. Damu ikitandazwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, jicho lenye uzoefu huona mundu, huona vimelea, huona vipande vya chembe zilizokatika.

Kile kipimo alichotumia Allison mwaka 1949, cha kuondoa oksijeni, bado kinatumika katika maabara nyingi kwa kuwa ni rahisi. Kina udhaifu mmoja mkubwa: humwonyesha mbebaji wa jeni moja na mgonjwa wa jeni mbili kwa namna ile ile. Kwa mtoto mchanga kinaweza hata kukosa kuonyesha chochote, kwa sababu himoglobini ya tumboni bado ni nyingi. Kipimo kinachotenganisha ni kile cha umeme, ambacho husukuma aina za himoglobini kwa kasi tofauti, mbinu ile aliyoitumia Pauling. Siku hizi kuna pia vipimo vidogo vya haraka vinavyofanana na vya malaria au vya Ukimwi.

Hatari ya maeneo kama Kitui na Makueni ni ya kipekee. Homa Bay au Kilifi, muuguzi akiona mtoto aliyepauka na anayelia kwa maumivu ya mifupa, seli mundu humjia akilini mara moja. Mahali ambapo ugonjwa si wa kawaida, ni rahisi mtoto huyo kupewa dawa ya malaria mara tano, na ya madini ya chuma mara tano, kabla ya mtu kuwaza jambo lingine. Na watu hawakai palipochorwa kwenye ramani. Wakamba walikuwa wakienda pwani na misafara ya pembe za ndovu katika karne ya 19. Wengine walilowea karibu na Rabai na Mariakani, na wengine baadaye wakapewa mashamba Shimba Hills. Barabara kuu na reli za kwenda Mombasa zimekata Makueni tangu mwanzo hadi mwisho, na miji ya Emali, Makindu na Kibwezi imejaa watu wa kila upande wa nchi. Wanaoana.

Wazazi wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kwa wanne wa kupata mtoto mgonjwa. Akigunduliwa mapema, mtoto huyo hupewa penisilini ya kumkinga na maambukizi, chanjo, asidi ya foliki na dawa za kuzuia malaria. Hili la mwisho huwashangaza wengi waliosikia kwamba seli mundu hukinga malaria. Anayekingwa ni mbebaji. Mgonjwa mwenyewe akipatwa na malaria huwa katika hatari kubwa, kwa sababu damu yake chache huvunjwa mara mbili. Dawa ya haidroksiyurea, iliyojaribiwa kwa watoto wa Kilifi na wa Uganda, Angola na Kongo katika utafiti uliochapishwa Desemba 2018, ilipunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, na vifo.

Allison mwenyewe hakuwa tabibu wa kukaa kando ya kitanda. Baada ya miaka mingi katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba huko Mill Hill, London, na baadaye katika kituo cha utafiti cha Harrow, alirejea Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 kuongoza ILRAD, maabara ya kimataifa ya maradhi ya mifugo jijini Nairobi, ambayo mnamo 1994 iliunganishwa na nyingine ikawa taasisi ya ILRI. Huko kulishughulikiwa nagana na homa ya East Coast, maradhi yanayofahamika vyema na kila mfugaji wa nyika za Kitui. Nagana nayo huua ng'ombe kwa kuwapunguzia damu.

Mapema miaka ya 1980 alihamia California na kufanya kazi katika kampuni ya dawa ya Syntex pamoja na mkewe, Elsie Eugui, ambaye pia alikuwa mtafiti wa kinga ya mwili. Wawili hao walitafuta dawa ya kutuliza chembe za kinga zinazoshambulia mwili wenyewe, wakapata ile iitwayo mikofenoleti. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya wagonjwa waliopandikizwa figo, na tangu hapo imetumiwa na wagonjwa wengi mno duniani.

Miongoni mwa matumizi yake ya baadaye kuna moja linalostahili kutajwa. Wapo watu ambao chembe zao nyekundu hazina kasoro ya kurithi wala vimelea, lakini kingamwili zao zenyewe huzigeuka na kuzivunja. Ugonjwa huo hutambuliwa kwa kipimo kilichobuniwa mwaka 1945 huko Uingereza na Robin Coombs, Robert Race na Arthur Mourant, yule yule aliyeshirikiana na Allison kuchunguza damu kutoka Afrika Mashariki. Tiba ya kwanza huwa ni dawa za steroidi. Zikishindwa, mojawapo ya dawa ambazo madaktari huzijaribu ni mikofenoleti.

Anthony Allison alifariki Februari 20, 2014 nyumbani kwake Belmont, California, akiwa na umri wa miaka 88.